Mashine Isiyo na Kipimajoto

9 Februari 1997

Mdogo wangu Kijiti,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, na ukiona mwandiko umepinda ujue naandikia juu ya gunia la buni, maana meza ya duka imejaa. Hapa tupo. Tunakula, tunalala, tunagombana kidogo, na hiyo ndiyo salama yenyewe. Shangazi goti linamsumbua lakini mdomo wake mzima. Juzi alimfukuza fundi wa umeme kwa maneno matatu tu, yule bwana akaondoka akasahau na ngazi yake. Mapacha wangu wameingia darasa la tano na wote wawili wananifika begani. Baba hajambo. Anakaanga kila asubuhi kama ulivyomwacha.

Sasa niingie kwenye lililonikalisha. Pipa letu la kukaangia limechoka. Chuma kimeliwa upande mmoja, mhimili unalia, na bega la Baba linalozungusha mpini nalo limechoka kuliko pipa. Wiki iliyopita Mwenye Mgahawa, yule anayechukua nusu ya kahawa yetu, alikuja na kiganja cha buni akazimwaga kwenye kaunta mbele ya watu. Nyingine nyeusi kama mkaa, nyingine hazijaiva. Akauliza kwa upole, "Mzee Sikio, vipi tena?" Upole wake ndio ulionitia baridi.

Unajua mwenyewe kwa nini wanamwita Mzee Sikio. Hakaangi kwa macho wala kwa saa. Buni zikianza kupasuka anazisikiliza, na zikifika pale anapopajua yeye peke yake, anamwaga. Miaka thelathini na nane. Sasa Mwenye Mgahawa amesema atatuvumilia mpaka mwisho wa mwaka, kisha atanunua kwingine. Akiondoka yeye, duka limekwisha, na Baba bila lile duka sijui atakuwa nani.

Wewe upo mahali mashine kama hizo zinapita. Tutafutie moja nzuri, si lazima iwe mpya, lakini iwe ya maana, yenye mota, ya kukaanga kilo tano hivi kwa mara moja. Tutachangia. Ila jambo moja nakusisitizia: iwe na kipimajoto, na kioo cha kuchungulia ndani. Bila hivyo viwili usinunue.

Niandikie. Simu najua hupigi tena, na sikulaumu.

Dada yako

---

2 Machi 1997

Dada, shikamoo.

Barua yako imefika inanukia kahawa mpaka mwenzangu wa chumbani akadhani nina kahawa nimeificha nikamnyima. Huyu ni mwoka mikate, anarudi asubuhi mimi ndiyo naamka, kwa hiyo kitanda chetu hakipoi hata siku moja. Afya ninayo. Kikohozi cha mwaka jana kimekwisha. Waambie mapacha waache kurefuka, nitakuja nishindwe kuwatambua.

Kuhusu mashine, umebisha hodi kwenye mlango wenyewe. Kwenye bohari yetu tunapokea vyombo vya hoteli zilizofungwa: majiko, majokofu, mashine za kukandia unga. Tunasafisha, tunapaka rangi, tunauza. Mwezi uliopita zimeingia mashine mbili za kukaangia kahawa, kampuni moja, umri mmoja. Dada, ni kazi ya watu! Pipa lina kuta mbili, chuma cha kusubu, tulilisukuma wanaume wanne. Uzito huo ndio ubora wake. Chuma chembamba huunguza buni nje na kuziacha mbichi ndani, lakini hiki kinashika joto na kulitoa polepole.

Moja ina kila kitu: kioo, kipimajoto, saa, taa. Nyingine haina kitu, ni pipa, mota na sahani ya kupozea basi. Bei zao huku hazipishani sana. Huko kwenu ndiko kwenye kasheshe. Nimemuuliza wakala wa forodha anayetusafirishia mizigo. Anasema ushuru haukatwi kwenye bei ya mashine peke yake. Wanajumlisha bei, nauli ya meli na bima, ndipo wanakata, kwa hiyo kila ninachoongeza huku kinazaa huko. Halafu yenye vipimo vya umeme inadaiwa cheti cha ukaguzi, na cheti kina ada yake na wiki zake.

Sasa nikuulize bila utani: Baba na kipimajoto, wapi na wapi? Si sawa na kumfundisha bata kuogelea?

Nimsalimie Baba? Sijui nisemeje. Mara ya mwisho kupiga simu dukani miaka miwili imepita. Nilisema, Baba, ni mimi. Akasema, haya. Nikamuuliza habari za kazi. Akasema, haya, haya, akakata. Nikapiga wiki iliyofuata, ikawa vilevile. Mara nne, Dada. Ya tano moyo ulikataa. Kosa langu nalijua. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba mimi sizeeki kwenye moshi wake, na neno likishatoka halirudi mdomoni. Lakini nilidhani baba hukasirika mwaka mmoja, miwili, kisha huchoka.

Labda mashine hii itanisemea. Fedha usihangaike sana. Ninayo akiba niliyoiwekea jambo jingine, na jambo hilo linaweza kungoja.

Mdogo wako

---

28 Machi 1997

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimejifungia stoo. Tumshukuru Mungu kwa kikohozi kuisha. Huku Shangazi anakusalimia na anasema mwanamume anayelala kitanda cha zamu aoe haraka, apate kitanda chake. Ngazi ya fundi tunaitumia sisi.

Nimekwenda kwa wakala wa huku, ameniambia kama ulivyoandika. Nimeanza kuweka kidogo kidogo. Cheti hicho na kichukue wiki zake, ada yake nitaitafuta.

Nakuomba tena, nunua yenye kipimajoto na kioo. Nakuomba. Si cha Baba, ni changu mimi, nataka kujifunza kukaanga, na mimi sina sikio lake. Usinidadisi zaidi ya hapo.

Na hili la simu. Baba hana hasira na wewe. Nakuandikia kwa kalamu na nalitia sahihi. Kuna jambo ambalo siwezi kuliandika kwa sababu si langu. Ungekuwa karibu ungeliona kwa macho yako ndani ya siku moja, nami ningekuwa sijalisema. Ukipata nafasi ya kuja, hata wiki mbili, njoo.

Dada yako

---

20 Aprili 1997

Dada, shikamoo, na leo ipokee shikamoo yangu ukiwa umekaa.

Nimenunua! Nimeinunua tarehe tano, barua yako imenifikia jana, mashine ikiwa imeshaondoka ndani ya sanduku la mbao. Nimechukua ile isiyo na vipimo. Usinikaripie kabla hujasikia.

Kwanza, tajiri wangu alikuwa na kontena linalokuja upande wenu lenye nafasi ya sanduku moja, nauli tukagawana na wengine. Ile yenye vipimo ingengoja cheti, kontena lingeondoka, na nafasi nyingine kama hiyo hakuna mpaka mwakani, wakati Mwenye Mgahawa ameshahama. Pili, kwa kuacha vipimo tumeokoa karibu theluthi ya gharama za kuiingiza. Nilikaa na wakala tukapiga hesabu mpaka penseli ikaisha.

Na tatu, Dada, hili ndilo lenyewe. Nilimfikiria Baba akifungua sanduku. Mtoto aliyemtukana kazi yake anamletea mashine, na kwenye mashine kuna kipimajoto, kama vile namwambia, mzee, sikio lako silitegemei tena. Ningekuwa nimemtukana mara ya pili, na safari hii kwa chuma cha kilo mia tatu. Nimetaka aione tupu ajue kwamba namjua yeye ni nani. Kwamba hakuna kipimo nilichoona kinamfaa zaidi ya sikio lake.

Wewe kujifunza utajifunza kwa Baba mwenyewe, ndiyo ualimu bora.

Meli imeng'oa nanga juzi. Kuhusu kuja, sahau kwanza. Mwaka huu haiwezekani tena.

Kijiti

---

16 Mei 1997

Mdogo wangu,

Hatujambo. Barua imefika. Nimekuelewa ulivyofikiri, na mtu asikuambie kwamba ulifikiri vibaya.

Karatasi za mzigo zitume haraka.

Dada yako

---

3 Agosti 1997

Mdogo wangu Kijiti,

Usidhani nimekutupa. Nimekuwa nikilala na kuamka kwenye ofisi za bandari. Mashine ilifika mwishoni mwa Juni, lakini kwenye ankara yenu aina ya mashine imeandikwa hivi na kwenye karatasi ya meli imeandikwa vile, na mpaka zikubaliane ilikaa ghalani kwao wiki tano. Ghala la bandari si la ndugu yako, kila siku ina bei yake. Mezani kwa yule karani wa dirisha la nne nimejua mpaka sufuria ya chakula chake ina rangi gani.

Niliuza cherehani. Haikutosha. Nikamwita muuza vyuma chakavu akalipima pipa la zamani na mhimili wake, akatoa bei ya kutosha. Nilijiambia, mpya inakuja, la zamani la nini? Baba alisimama mlangoni akiangalia likifungwa kamba kwenye mkokoteni. Akaushika mpini, akauzungusha mara moja, akauachia. Nilidhani ni huzuni ya mtu na chombo chake.

Mashine imeingia dukani Alhamisi. Tulivunja fremu ya mlango ili ipite. Kweli ni kazi ya watu, hukukosea. Baba aliizunguka, akaipapasa, akauliza, "Kijiti ndiye aliyenunua?" Nikamwitikia kwa kichwa. Akafuta vumbi la mbao kwa kanzu yake mwenyewe, na kitambaa kilikuwa pale pale.

Wiki hii fundi anaunga umeme. Mwenye Mgahawa amealikwa kuja kuona.

Dada yako

---

30 Agosti 1997

Mdogo wangu,

Shangazi hajambo, watoto hawajambo. Keti chini. Leo naandika lile nililokataa kuliandika.

Baba hasikii. Ilianza miaka minne iliyopita, kidogo kidogo, na mimi ndiye niliyegundua, siku aliyopiga hodi mteja mlangoni akagonga mpaka akaondoka na Baba amekaa hatua mbili kutoka pale. Aliniapisha kwa jina la Mama nisimwambie mtu, na wewe hasa. Ulipokuwa unapiga simu hakuwa anakata kwa hasira. Alikuwa anaambulia mvumo tu. Anajua ni wewe kwa sababu mimi ninamwonyesha kwa vidole, anasema haya, haya, kisha anaogopa utauliza swali asilolijua, anaweka mkono wa simu chini. Nilimwambia, Baba, mtoto anadhani umemchukia. Akanijibu, "Afadhali anidhanie mkali kuliko anijue kiziwi. Mkali bado ni baba."

Ndiyo sababu ya kipimajoto. Ndiyo sababu ya kioo. Nilitaka aone kwa macho asichosikia, na mtu asijue.

Sasa la mashine. Siku ile dukani tulikuwa wanne: mimi, Shangazi, Mwenye Mgahawa na yeye. Akawasha. Mota inanguruma vizuri, pipa linazunguka lenyewe. Baba akaweka kiganja kwenye chuma akakiondoa, kwani mota inatetemesha kila mahali sawasawa. Akasogeza sikio. Akalisogeza tena. Dada yako nilikuwa naona moshi unabadilika rangi, pua yangu inaniambia zimefika, zimepita, na nikanyamaza, maana katika duka lile hajawahi kuwepo mtu wa kumwambia Baba kwamba zimefika. Akazidi kuinama mpaka sikio likagusa chuma. Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga. Tulipomwaga, hakuna hata buni moja iliyosalimika.

Mwenye Mgahawa alichukua kofia yake akaondoka bila kusema lolote la kuudhi. Afadhali angetukana.

Wakati nampaka dawa ya moto ndipo alipoongea. Mwenye duka la jirani alikuwa anagonga misumari, mimi nasikia, yeye hasikii, anaongea kwa sauti kubwa kama yuko barabarani. Akasema miaka yote hii minne alikuwa anakaanga kwa kusikiliza kwa mkono. Kila buni ikipasuka inagonga chuma, na kwenye lile pipa jembamba ule mdundo ulikuwa unaingia kwenye mpini na kupanda mpaka kiwiko. Mkono ndio uliokuwa sikio lake. Wakati mwingine ulimdanganya, na ndizo zile buni za Mwenye Mgahawa, lakini siku nyingi ulimwambia kweli. Mashine yako ina kuta mbili, na mpini haina. Pipa jembamba nimeliuza mimi. Nilikwenda kwa muuza vyuma chakavu asubuhi iliyofuata. Walikwishalikata vipande.

Sikujua habari ya mkono, ndugu yangu. Habari ya sikio nilijua na nikanyamaza. Laiti ningevunja kiapo mwezi wa tatu.

Dada

---

24 Septemba 1997

Dada,

Miaka miwili iliyopita, nilipokuwa napiga, alikuwa anasikia kiasi gani? Ukimpigia kelele sikioni alikuwa anasikia? Kama alikuwa anasikia ningepiga kelele. Ningesimama kwenye kibanda cha simu nikapiga kelele mpaka watu wa mtaa waniitie polisi.

Ulikuwa umesimama pale. Unamwonyesha kwa vidole kwamba ni mimi. Na mimi nalia huku, na wewe unajua.

Usiniandikie kwa sasa.

---

9 Novemba 1997

Mdogo wangu,

Umenikataza kuandika na naandika. Mimi ni mkubwa wako, nivumilie.

Ulichouliza nakujibu. Ndiyo. Miaka miwili iliyopita alikuwa anasikia ukipiga kelele upande wa kushoto. Sasa hasikii upande wowote. Nimekuandikia hivyo hivyo bila kupunguza, kwa kuwa kupunguza ndiko kulikotufikisha hapa.

Kifurushi chako kimefika, kipimajoto ndani, barua hamna. Nimetafuta mpaka ndani ya mikunjo ya gazeti ulilofungia. Fundi ametoboa uso wa mbele wa mashine akakichomeka. Ninakaanga mimi. Nimeunguza mara mbili, sasa mkono umezoea. Mwenye Mgahawa amechukua gunia la majaribio akasema si kama ya zamani, lakini inanyweka. Nilimwekea Baba kiti mbele ya kipimajoto nikamwandikia namba ya kumwagia. Akaangalia ule mshale kwa adabu kama mtu anayesikiliza mgeni, akasema, "Kumbe ni hivi tu?" Akanyanyuka. Tangu siku ile anakaa kwenye mizani, anapima na kufunga. Hakaangi. Hajagusa mashine tena isipokuwa kuipangusa.

Nimemwambia kwamba unajua. Nilimwandikia kwenye mfuko wa kahawa. Alisoma, kisha akauliza, "Amesemaje?" Nikaandika: anataka kuongea na wewe. Nisamehe, nimekusemea. Akasema basi apige.

Nikirudi kutoka posta ananiangalia usoni kuona kama kuna barua.

Dada yako

---

2 Desemba 1997

Dada, shikamoo.

Nitapiga Jumapili tarehe ishirini na nane, saa nne asubuhi ya huko. Kaa karibu naye na karatasi. Nitakachosema, andika, asome.

Kijiti

---

30 Desemba 1997

Mdogo wangu mpendwa,

Nakuandikia mapema kabla sijasahau hata kidogo, maana najua ulisikia sauti tu hukuona.

Tangu saa mbili alikuwa ameshavaa koti. Shangazi alisema simu haina macho, lakini wapi. Nilikuwa na karatasi, penseli mbili, na kiti changu pembeni ya chake. Simu ilipolia nikaipokea, nikasikia unaita "Dada," nikampa. Basi alichofanya ni kunigeuzia mgongo. Aliubana ule mkono wa simu kwenye sikio lenye kovu, akainamia ukutani, nisiweze kusikia wala kumwonyesha karatasi. Nilimgusa bega akanisukuma taratibu.

Nikasikia upande wake tu. Alikuambia habari za mashine, kwamba chuma chake hajapata kuona. Akakuuliza unakula nini, unalala wapi, akawa ananyamaza kila baada ya swali, muda wa kutosha kabisa wa mtu kujibiwa, na kutikisa kichwa, na kusema, "Ehee. Vizuri." Wakati mmoja alicheka mpaka akakohoa. Robo saa nzima. Alipoweka simu chini alijifuta macho, akachukua fimbo yake, akapita duka kwa duka mtaani akisema amezungumza na mwanawe.

Jioni hiyo alikula vizuri kuliko mwaka mzima. Anasema umemwambia utakuja kabla ya mvua kubwa, na ameanza kukipaka chokaa kile chumba cha nyuma. Wateja wote wamekwisha kuambiwa. Je, ndivyo ulivyomwambia? Na kilichomchekesha ni nini? Shangazi ananisumbua nikuulize.

Kama bado una kinyongo na mimi, kiwe kwangu peke yangu. Mimi hicho nitakibeba.

Dada yako

---

24 Januari 1998

Dada, shikamoo.

Mapacha wasalimie, Shangazi mpe pole ya goti. Kinyongo sina. Nilikuwa nacho mpaka siku ile ya simu, sasa sikioni tena.

Kuja sikumwambia. Nauli niliyokuwa nimeiweka miaka mitatu ndiyo iliyonunua mashine, na kuanza upya kunataka miaka mingine. Usimwambie. Mwache apake chokaa. Mwaka ukipita nikiwa sijatokea, sema posta, sema kazi, sema lolote. Naona sasa mimi ndiye ninayekuomba umdanganye.

Unaniuliza kilichomchekesha. Sijui, Dada. Sikuwa nimesema kitu cha kuchekesha. Alipoanza kuongea machozi yalinitangulia, na yeye akaendelea tu, anauliza, ananyamaza, anasema vizuri. Alicheka wakati nalia. Nadhani mtetemo ulimfikia akadhani nacheka, akacheka na mimi.

Nilipopata sauti nilijibu kila swali. Alipouliza ninakula nini nilimwambia. Alipouliza ninalala wapi nilimweleza mpaka rangi ya blanketi, na kabla sijamaliza alikuwa ameshahamia swali jingine. Tangu hapo sikuacha hata moja. Ungesikia pande zote mbili ungedhani ni watu wawili wanaopokezana simu mbovu.

Halafu akanyamaza kidogo, nikaona hapa ndipo. Nikasema, Baba, lile neno la moshi, nisamehe. Nikalisema mara tatu, la tatu nikalipiga kelele kama nilivyoapa, mwenye kibanda akafungua mlango kuniangalia.

Akasema, "Ee, hata huku inanyesha. Tangu juzi."

Huku ni jua, Dada. Haijanyesha hata tone tangu Oktoba. Nikamwambia, ndiyo, Baba, inanyesha sana.

Mdogo wako